Mwalimu Vijiti na Grafu Mbili za Bomba la Chini

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, fundi cherehani, juu ya meza ya kukatia nguo, kwa muda wa siku tatu, na ndiye anayeusoma mbele yenu. Kamati ya mazishi ilimwomba ukurasa mmoja wa maneno mazuri. Maneno mazuri yamo. Ukurasa mmoja haukutosha, na mengine yaliyomo si mazuri hata kidogo. Mwenye haraka atuvumilie.

Marehemu dada yetu, ambaye karibu kila aliyepita darasa la nne katika shule yetu anamfahamu kwa jina la Mwalimu Vijiti, alizaliwa Jumatano tarehe 9 Novemba 1966, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ghala la nafaka. Baba yao alikuwa mtunza stoo wa ghala hilo. Magunia yaliyoingia aliyahesabu kwa chaki kwenye mlango: vijiti vinne vimesimama, cha tano kinavikatiza, fungu moja limekamilika. Mtoto alikuwa hajajua hata herufi ya kwanza ya jina lake, lakini mafungu ya tano aliyasoma mlango mzima. Alipokuwa na miaka sita alikuja shangazi mmoja mwenye maneno mengi, akakaa kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana. Alipoaga, mtoto alimfuata hadi mlangoni akamwambia kwa adabu zote, "Shangazi, umesema 'mimi si mtu wa maneno' mara kumi na saba." Alichapwa. Miaka mingi baadaye bado alikuwa anashikilia kwamba ni kumi na saba, na kwamba mbili za mwisho shangazi alizisema akiwa tayari amevaa viatu.

Alianza shule ya msingi Januari 1974 na kumaliza mwaka 1980, akiwa wa tatu katika darasa lake. Sekondari alisoma kuanzia 1981 hadi 1984. Mama yao alipopatwa na kiharusi, alikaa nyumbani miaka miwili akimlisha na kumgeuza kitandani, na mdogo wake aliyekuwa bado anasoma hakukosa shule hata siku moja. Hilo hakuwahi kulitaja wala kulidai. Mama alipofariki alijiunga na chuo cha ualimu mwaka 1986, akahitimu Novemba 1988 kwa somo la hisabati.

Tarehe 9 Januari 1989 aliripoti katika shule ya msingi ambayo hakuhama tena. Walimpa darasa la nne kwa sababu hakuna aliyelitaka: madirisha hayakuwa na vioo na ubao ulikuwa umepasuka katikati. Alilipenda siku ile ile. Alikaa nalo miaka thelathini na minne, na walimu wakuu watano walikuja wakaondoka wakimwacha palepale.

Katika mtaala kulikuwa na mada moja ambayo walimu wengi huipitisha juu juu mwisho wa muhula: kukusanya takwimu na kuzichora. Yeye aliifanya kuwa moyo wa mwaka. Kwanza aliwafundisha watoto kuhesabu kwa vijiti, na hapo ndipo jina lilipopatikana. Kisha alikusanya viberiti vitupu kutoka kila jiko la mtaa, na kila mtoto aliyejibu swali alipewa kiberiti kimoja akaenda kukipanga ukutani juu ya jibu lake. Ukija shuleni kwa miguu, kiberiti chako unakiweka hapa. Ukija kwa baiskeli, pale. Safu zilipanda mbele ya macho yao. Akiona safu imependwa na inakaribia kuanguka alisema, "Haya, hiyo ndiyo grafu. Sasa tuichore kabla haijatuangukia kichwani." Wako watu wazima hapa leo, wengine wana mvi, ambao wakiona mihimili ya takwimu gazetini bado wanaona viberiti.

Baada ya viberiti aliwatoa nje. Kila mtoto alipewa karatasi ya dodoso, swali moja na nyumba kumi. Mwaka wa kwanza swali lilikuwa: kati ya papai, ndizi na chungwa, unapenda tunda lipi? Mtoto mmoja wa kike alirudi baada ya nusu saa na kura kumi, zote za papai. Mwalimu alishangaa.

"Nyumba zote kumi wanapenda papai?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hakuna hata mmoja wa ndizi?"

"Bibi alisema akisikia ndizi nyingine atanifukuza."

"Bibi yupi? Ulienda kwa nani?"

"Kwa bibi yangu. Nilimuuliza mara kumi."

Mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Ila siku hiyo aliandika kanuni juu ya ubao, na tangu hapo haikufutwa: MDODOSAJI HAULIZI KWAO. Usiulize nyumbani kwenu, wala kwa jirani wa ukuta mmoja, kwa sababu jibu lao unalijua au unalitaka. Ilikuwa kanuni nzuri. Watoto waliiimba wakienda mapumziko. Tunaomba muikumbuke, kwa sababu ndiyo iliyotuleta hapa.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na fundi bomba wa shule. Fundi alikuja kurekebisha tangi lililokuwa likivuja nyuma ya darasa la nne, kazi ya siku moja, akaifanya kwa siku sita. Siku ya sita Mwalimu alimfuata na daftari.

"Fundi, naomba nikuulize maswali matatu. La kwanza: tangi hili lina matundu mangapi?"

"Moja."

"La pili: umeliziba mara ngapi?"

"Mara tano, Mwalimu."

"La tatu..."

Fundi alifuta mikono kwenye suruali. "La tatu nijibu kabla hujauliza," alisema. "Ndiyo."

Mwenyewe husema hajui ujasiri ule ulitoka wapi, maana hadi leo ni mtu wa maneno machache. Walijaliwa binti mmoja, ambaye sasa ni muuguzi, naye akawapa wajukuu wawili. Walikaa pamoja miaka thelathini na miezi sita. Waligombana kama watu wote, zaidi kuhusu viberiti vilivyojaa chini ya kitanda.

Sasa tumefika mwaka huu, na hapa mdogo wake anaomba maji ya kunywa, yale ya chupa aliyokuja nayo mwenyewe.

Mwanzoni mwa Februari 2023, watu wa upande wa shule walianza kulalamika kwamba maji ya bomba la chini yananuka. Mnalijua bomba hilo: liko kwenye kona, hatua chache kutoka lango la shule, na nyumba zote za upande ule zinachota pale. Ofisi ya maji ilikuwa inafikiria kulifunga na kufukua mabomba. Mwalimu aliona hapo somo ambalo hajawahi kulipata. Miaka yote watoto walikuwa wameuliza matunda na rangi. Safari hii wangeuliza jambo lenye uzito, na watu wazima wangesoma grafu yao.

Jumatatu tarehe 13 Februari aliwatuma wanafunzi wake arobaini na mmoja, kila mmoja nyumba kumi, na swali hili: wiki hii, katika nyumba hii, kuna aliyeumwa tumbo? Kanuni ilikuwa palepale juu ya ubao. Kwa kuwa karibu watoto wote wanakaa upande wa shule, na kila nyumba ya huko ina mtoto wa darasa la nne au jirani yake, aliwavusha barabara kuu akawapeleka mitaa ya juu, ambako hakuna wa kumuuliza shangazi yake. Alijivunia uangalifu huo. Mitaa ya juu ina bomba lake jingine kabisa.

Walirudi mchana. Dawati la mbele alikaa msichana wa miaka tisa ambaye darasa zima lilimwita Karani, kwa sababu vijiti vyake vilisimama wima kama vimepigwa rula. Karani alileta karatasi yake, kisha hakuondoka.

"Mwalimu, na kwetu je? Wadogo zangu wawili wanaendesha tangu Jumamosi. Niwaandike?"

Mwalimu alimwonyesha ubao. "Kanuni inasemaje, mama?"

"Mdodosaji haulizi kwao."

"Basi?"

"Basi nisiandike."

"Vizuri sana," alisema Mwalimu, na akampa kiberiti cha zawadi. Maneno hayo mawili, vizuri sana, alimsimulia mdogo wake si chini ya mara ishirini katika miezi iliyofuata.

Grafu ilikuwa na mihimili miwili. Wa walioumwa, mwekundu, ulikuwa na nyumba tisa. Wa wasioumwa, wa kijani, ulikuwa na nyumba mia nne na moja, mrefu hata ikabidi kuunga karatasi ya pili kwa gundi. Juu yake watoto waliandika: AFYA YA TUMBO MTAANI KWETU. Siku ya wazazi, Ijumaa tarehe 24 Februari, ilitundikwa mbele ya ukumbi. Msimamizi wa ofisi ya maji alikuwepo kama mgeni rasmi. Aliitazama kwa muda mrefu, akampa Mwalimu mkono kwa mikono miwili.

"Mwalimu, umetuokoa. Tulikuwa tunakaribia kufukua barabara nzima bila sababu."

Aliomba aichukue. Watoto walipiga makofi hadi viganja vikawauma. Grafu iliwekewa fremu ya kioo, ikatundikwa mapokezi ya ofisi ya maji, na bomba halikufungwa. Wazazi waliokuwa wanachemsha maji waliacha, kwani nani anataka kukaa jikoni bure? Mama Karani alikuwa mmoja wao. Mwalimu Vijiti mwenyewe ndiye aliyemwambia ukumbini, kwa furaha yote, kwamba sasa anaweza kupumzika na masufuria.

Mwezi Machi mahudhurio yalianza kushuka. Kumi hawakuja, kisha kumi na wanne. Aliyekuwa akihesabu kila kitu aliandika majina yao kila asubuhi na kudhani ni mafua. Karani alilazwa tarehe 8 Aprili kwa homa ya matumbo na kufariki Jumatano tarehe 19 Aprili. Siku ya kumzika, Mwalimu alitembea na waombolezaji kutoka nyumba moja hadi nyingine za upande wa shule, na kila mlango aliopita alisikia mtu anaugulia ndani. Hakufika makaburini. Aligeuka akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha ushonaji cha mdogo wake, akasimama katikati ya vipande vya vitambaa na viatu vyake vina vumbi.

"Hatukuwauliza wanaokunywa," alisema.

"Nini?"

"Maji yale. Nyumba mia nne na kumi, na karibu zote hazinywi maji yale. Niliwavusha barabara. Wanaokunywa ni watoto wenyewe, na mimi nikawakataza kujiandika. Mtoto aliniuliza, mdogo wangu. Aliniuliza kabisa, nikamwambia vizuri sana."

Mdogo wake alizima cherehani.

Kesho yake Mwalimu alikwenda ofisi ya maji. Msimamizi alimkaribisha kiti, chini ya grafu yenyewe. Alimweleza kila kitu, akimaliza kwa kusema grafu ni ya uongo, ishushwe, na bomba lifungwe siku hiyo hiyo.

"Mwalimu, pole na msiba. Lakini grafu hii imeshaingia kwenye ripoti."

"Basi itoeni kwenye ripoti."

"Kwa ushahidi gani? Ulileta takwimu, tukazipokea. Lete nyingine."

Hakuomba mara ya pili. Alitaka kulituma darasa tena, safari hii kila mtoto aulize kwao, lakini mwalimu mkuu alikataa katakata watoto watoke nje ya lango baada ya kifo kile, na hatumlaumu. Basi Mwalimu akaamua kwenda peke yake. Nyumba arobaini na moja, nyumba za wanafunzi wake, kila siku baada ya masomo na Jumamosi kutwa, kuanzia tarehe 6 Mei. Mumewe alimwambia, "Mimi ninajua valvu iko wapi. Nitalifunga." Alilifunga kweli, mara mbili. Mara zote mbili lilifunguliwa kabla ya jua kutua, na mara ya pili ofisi iliijengea valvu kisanduku cha chuma chenye kufuli. Wengine waliolifungua wamo humu. Hawakuwa na maji mengine ya kuteka, na ofisi haikuleta gari la maji hata moja. Fundi alirudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti na spana mapajani, hakula.

Nyumba kwa nyumba, Mwalimu alipokelewa alivyopokelewa. Mlango mmoja ulifungwa usoni pake. Baba mmoja alimuuliza, "Leo unatafuta jibu gani, la kijani au jekundu?" Aliandika pia kwamba baba huyo ana wagonjwa watatu. Akirudi kwa mdogo wake alivua viatu, akatandaza daftari juu ya meza ya kukatia, akavifunga vijiti vyake kwa mafungu ya tano. Hakulala vizuri tena. Nywele zilimkatika kwa mafungu. Mdogo wake alipomsihi apumzike walau siku moja alimjibu kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia nyumbani: "Kila siku ninayopumzika mimi, wao wanakunywa."

Jumamosi tarehe 20 Mei alifika kwa Mama Karani. Alikuwa ameiruka nyumba ile mara tatu. Mama Karani hakumfukuza. Alimpa kiti, akaingia ndani, akatoka na kikombe kimejaa hadi ukingoni.

"Kunywa, Mwalimu. Umetembea sana."

Mwalimu alikitazama kikombe.

"Ya bomba," alisema Mama Karani. "Sijachemsha. Si tuliambiwa hakuna haja?"

Mwalimu Vijiti alikunywa kikombe kile chote, pole pole, bila kukitua. Kisha akafungua daftari, akauliza swali kama anavyouliza kila mahali. "Nyumba hii ina watu wangapi?"

"Watu wa lini?"

Alishindwa kuandika. Mama Karani aliichukua kalamu mkononi mwake, akavichora vijiti vyenyewe, vitano, na kimoja akakifuta kwa kidole hadi karatasi ikachanika. Wakalia wote wawili. Mama Karani yuko hapa leo, ameketi mstari wa mbele pamoja na familia, kwa sababu familia imemwomba akae hapo. Daktari alisema hakuna awezaye kujua ni kikombe kipi. Mwalimu alikuwa amekunywa katika nyumba nyingi, kwani mtu uliyemkosea akikupa maji unayakataaje? Asitokee mtu mwenye ulimi mrefu akaanza kunong'ona mitaani kuhusu kikombe kimoja. Maji yametoka ofisi ya maji.

Tarehe 2 Juni, akiwa amefika nyumba thelathini na nane, alianza kusikia homa. Hakusubiri nyumba tatu zilizobaki. Alichora grafu ya pili peke yake, kwa rula ya mdogo wake ya kupimia pindo: nyumba ishirini na tisa zenye wagonjwa, nyumba tisa zisizo na wagonjwa. Safari hii mwekundu ndio uliohitaji karatasi ya kuunga. Aliipeleka akiwa amejifunga khanga mbili kwa baridi ya homa, mdogo wake akimshika kwapa.

Msimamizi aliitazama. Hakuwa mkali; tungependa angekuwa mkali.

"Mwalimu, nielewe. Ile ya kwanza ilikusanywa na watu arobaini na mmoja, nyumba mia nne na kumi. Hii ni nyumba thelathini na nane, umekusanya peke yako, na wewe ni mfiwa. Wewe mwenyewe ndiye unayefundisha kwamba mtu asiulize jibu analolitaka. Sasa mimi niamini ipi?"

Miaka thelathini na minne ya kufundisha, na swali lile lilikuwa lake mwenyewe. Mdogo wake ndiye aliyejibu, na alichojibu hakiwezi kusomwa mbele ya watoto. Walitolewa nje na mlinzi. Grafu ya pili ilibaki juu ya kaunta, na mtu akaweka kikombe cha chai juu yake wakiwa bado mlangoni.

Alilazwa hospitali kuu tarehe 14 Juni. Tarehe 24 utumbo ulitoboka, akafanyiwa upasuaji. Binti yake, ambaye ni muuguzi na anajua namba zile kwenye chati zinasema nini, hakutoka pembeni ya kitanda. Kila asubuhi, kabla ya kujibu salamu, mgonjwa aliuliza neno moja: "Wamelifunga?" Na kila asubuhi walimwambia bado.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 2 Julai hali ilikuwa mbaya, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Aliuliza tena. Mdogo wake hakuweza tena kulitamka neno bado.

"Ndiyo, Dada. Wamelifunga."

Mgonjwa alimgeuzia uso. "Umeona mwenyewe," alisema, akitafuta pumzi, "au umeambiwa?"

Mdogo wake angeweza kusema nimeona. Angeweza kusema, na dada yake angekufa na faraja hata kama ni ya uongo. Lakini uso ule ulikuwa umemlea.

"Nimeambiwa."

"Basi nenda ukaangalie."

Alikwenda. Alikimbia kutoka hospitali hadi kwenye kona, mwanamke wa miaka hamsini na moja na viatu mkononi. Bomba lilikuwa wazi. Kulikuwa na foleni ya ndoo kumi na nane, na mtoto aliyevaa sare ya shule yetu ameinama chini ya maji, anakunywa kwa viganja. Alimvuta kwa nguvu hata akamwangusha, akapiga kelele hadi watu wakadhani amerukwa na akili. Alipofika wodini, pazia lilikuwa limeshavutwa. Mwalimu Vijiti alifariki saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, akisubiri jibu.

Ameacha mume, fundi bomba mstaafu, binti mmoja, muuguzi, mkwe mmoja, wajukuu wawili, mdogo wake mmoja, anayesoma haya, na wanafunzi wa darasa la nne waliobaki, ambao ni arobaini. Saba kati yao bado wamelazwa leo. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, walimu, majirani na wote mliokuja.

Kwenye karatasi mlizoshika, chini ya orodha hii, pana nafasi tupu. Hilo si kosa la mpiga chapa. Kila wasifu humalizika kwa kumtakia marehemu apumzike, na familia hii ilikaa jana kutwa ikijaribu kuandika mstari huo, ikashindwa. Apumzike vipi? Bomba liko wazi hivi tunavyozungumza. Wengine wenu mmelipita mkija hapa na mmeona foleni.

Ratiba inaonyesha kwamba baada ya wasifu huu msimamizi wa ofisi ya maji atatoa salamu za rambirambi. Tumemwona. Ameketi mstari wa tatu, na shada lake la maua ni kubwa kuliko yote. Familia inamshukuru kwa maua, na imeifuta hotuba yake.

Msimamizi, ufunguo wa kile kisanduku cha chuma unao, na kutoka hapa hadi kwenye kona ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Shemeji amesimama pale langoni na spana yake, atakusindikiza. Gari la maji la ofisi yako tumeliona limeegeshwa uani kwenu asubuhi hii, nalo pia tunaliomba, maana watu hawa watakunywa nini jioni? Ukimaliza, huna haja ya kurudi kutuambia. Mama Karani atakwenda pamoja nanyi aone kwa macho yake, na tutamwamini yeye.

Kiongozi wa ibada ametusihi tusifanye hivi, na tunamwomba radhi. Kamba ziko tayari, wachimbaji wako tayari, jua linapanda. Jeneza litakaa hapa juu ya ardhi. Siku Mama Karani atakaporudi na kusema limefungwa, iwe leo au iwe kesho, tutamshusha dada yetu na tutamwambia alale. Kabla ya hapo hatutamwambia.

Msimamizi, tunakusubiri usimame.